Binti anavua mkanda wa mgongo akifika shule

Dada, usimgombeze kwanza. Binti wa miaka 13 kuvua mkanda wake wa plastiki, ule wa kuzuia mgongo uliopinda usizidi kupinda, na kuusokomeza kwenye begi si ukaidi tu. Lile plastiki linabana mbavu, linatia joto, na akiinama kuokota kalamu darasa zima linajua. Wangu alikuwa akijiita kobe.

Mvalishe fulana ya pamba isiyo na mshono ubavuni, sare iwe pana kidogo. Wekundu usipoisha ngozini, mrudishe kwa fundi aliyeutengeneza.

Ila saa za kuuvaa ndizo zinazoamua: katika utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2013, waliovaa wastani wa saa 13 hivi kwa siku au zaidi, asilimia 90 na ushee mgongo haukupinda hadi nyuzi 50, kiwango ambacho upasuaji huanza kuzungumziwa. Mwulizeni daktari, binti akiwepo, kama saa za shule zinaweza kufidiwa jioni na usiku.