Maswali ya Wasomaji: Kodi ya Kuhamisha Akiba ya Kustaafu Kwenda Roth

Barua za wasomaji wetu wanaoishi Marekani safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja, nalo ni kodi inayomkuta mtu anapohamisha akiba yake ya kustaafu kutoka IRA ya kawaida kwenda Roth IRA. Kwa ambaye hajazizoea akaunti hizi, IRA ya kawaida, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, humwezesha mchangiaji, kwa masharti, kuutoa mchango wake kwenye kipato kinachotozwa kodi mwaka ule ule, kisha kodi hulipwa siku anapochukua fedha. Roth, iliyoanza mwaka 1998 na kupewa jina la Seneta William Roth wa Delaware, ni kinyume chake: mchango hutoka kwenye fedha zilizokwisha kulipiwa kodi, na masharti yakitimia, fedha hizo pamoja na faida yake hutoka bila kutozwa chochote. Tangu mwaka 2010 kila mtu anaruhusiwa kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, awe na kipato kikubwa au kidogo, na kiasi cha kuhamisha hakina kikomo. Viwango tulivyotumia hapa ni vya mwaka wa kodi 2025.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi hapa Houston, nina umri wa miaka 44 na sijaolewa. Nilipoacha kazi katika hospitali ya kwanza niliihamishia akiba yangu ya 401(k), yaani mpango wa kustaafu wa mwajiri, kwenye IRA ya kawaida, na sasa imefika dola 38,000. Wenzangu wananihimiza niihamishe yote Roth kabla mwaka haujaisha. Mshahara wangu ni dola 60,000 kwa mwaka, lakini mwakani nitapunguza zamu ili nisome, na natarajia kupata kama dola 30,000 tu. Je, kodi itakuwa kiasi gani, na ninaweza kuilipa kutoka humo humo kwenye akaunti?

JIBU: Dada yetu, wenzako wanakuharakisha pasipo sababu. Kiasi unachohamisha huhesabiwa kuwa kipato cha kawaida cha mwaka huo, kana kwamba mwajiri amekuongezea mshahara, ila hakikatwi michango ya Social Security (mfuko wa pensheni wa serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Kwenye mshahara wako wa dola 60,000 ondoa makato ya kawaida, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, ya dola 15,750 anayopewa mtu asiye na mwenza. Zinabaki dola 44,250 za kutozwa kodi. Ngazi ya kodi ya asilimia 12 inaishia dola 48,475, kwa hiyo una nafasi ya dola 4,225 tu kabla ya kuingia ngazi ya asilimia 22. Ukihamisha dola 38,000 zote mwaka huu, hizo 4,225 za kwanza zitatozwa dola 507, na 33,775 zilizobaki zitatozwa dola 7,430 na senti 50, jumla ikiwa takriban dola 7,938.

Sasa tazama mwakani. Kwa kipato cha dola 30,000, na tukishika viwango hivi hivi ingawa hupanda kidogo kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, kipato chako cha kutozwa kodi kitakuwa dola 14,250, na nafasi yako ndani ya ngazi ya asilimia 12 itakuwa dola 34,225. Ukihamisha dola 3,775 mwaka huu na 34,225 mwakani, akiba yote itakuwa imehama kwa asilimia 12, yaani dola 4,560, na utakuwa umeokoa zaidi ya dola 3,300 kwa kusubiri tu. Sharti ni kwamba kila uhamisho ukamilike kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka unaotaka uhesabiwe. Wengi huchanganya jambo hili na michango ya kila mwaka, ambayo huruhusiwa hadi Aprili ya mwaka unaofuata.

Zipo tahadhari mbili za kuzingatia kabla ya kukubali hesabu hiyo. Ikiwa kupunguza zamu kutakupotezea bima ya kazini na ukanunua bima kwenye soko la serikali, ruzuku ya bima hiyo hupangwa kwa kipato chako chote, uhamisho ukiwemo. Uhamisho wa dola 34,225 unaweza kula sehemu kubwa ya ruzuku, na ile uliyokwisha kuipokea ukadaiwa uirejeshe. Pili, Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, ila msomaji mwenye kipato kama chako aliyeko Minnesota lazima aongeze kodi ya jimbo lake juu ya hesabu hii.

Kuhusu kulipa kodi kutoka humo humo, jibu letu ni hapana, labda kama huna njia nyingine kabisa. Fedha utakazoiambia kampuni inayotunza akaunti izizuie kwa ajili ya kodi hazitakuwa zimehamia Roth. Kisheria zitakuwa zimetolewa, na kwa kuwa hujafika umri wa miaka 59 na nusu, zitatozwa pia adhabu ya asilimia 10. Unapojaza fomu ya uhamisho, kumbuka kukataa kodi ya zuio, kwa sababu usipotamka lolote kampuni huzuia asilimia 10. Kodi yenyewe ilipe kutoka benki, ama kwa kuongeza makato kwenye mshahara wako, ama kwa malipo ya makadirio ambayo awamu yake ya mwisho hufungwa katikati ya Januari.

Kila uhamisho una saa yake ya miaka mitano, inayoanza kuhesabiwa tarehe 1 Januari ya mwaka uliouhamisha hata kama ulihamisha Desemba. Ukichukua fedha hizo kabla ya miaka mitano kutimia na kabla ya kufika miaka 59 na nusu, utatozwa adhabu ya asilimia 10 kwenye kiasi kilichohamishwa, ingawa kodi yake ulishailipa. Kwa kuwa unakwenda kusoma, ni vyema ujue kwamba gharama za masomo ya chuo zinazotambuliwa na sheria ni miongoni mwa mambo yanayosamehewa adhabu hiyo.

SWALI: Mhariri, mimi na mke wangu tunaishi Minneapolis na kipato chetu kwa pamoja ni dola 290,000, hivyo haturuhusiwi kuchangia Roth moja kwa moja. Rafiki alinifundisha kuweka dola 7,000 kwenye IRA ya kawaida bila kudai punguzo la kodi, kisha kuzihamishia Roth siku chache baadaye. Nimefanya hivyo. Kwa kuwa fedha hizo zilikuwa zimeshalipiwa kodi, nilidhani sidaiwi kitu, lakini anayenijazia ritani anasema nina kodi ya kulipa kwa sababu ya IRA nyingine ya dola 63,000 niliyotoka nayo kazi ya zamani. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Aliye sahihi ni anayekujazia ritani. Njia uliyofundishwa ni halali, na kwa wanandoa ambao kipato chao kimepita dola 246,000 ndiyo iliyobaki nje ya mipango ya kazini, lakini rafiki yako alikufundisha nusu yake. Sheria ya Marekani haikuruhusu kuchagua kwamba umehamisha zile dola zilizolipiwa kodi na kuziacha zisizolipiwa. IRA zako zote za kawaida, pamoja na zile za aina ya SEP na SIMPLE (za waliojiajiri na waajiri wadogo), hujumlishwa kana kwamba ni akaunti moja, hata zikiwa katika kampuni tatu tofauti, na kila dola inayotoka hubeba uwiano ule ule. Huo ni kama mchuzi uliokwisha kutiwa chumvi: kijiko chochote utakachochota kitakuwa nayo.

Katika hali yako jumla ni dola 70,000, na zilizolipiwa kodi ni 7,000, yaani asilimia 10. Kwa hiyo katika dola 7,000 ulizohamisha, 700 tu ndizo zisizotozwa, na 6,300 zinaingia kwenye kipato. Kwa kipato chenu, mkishatoa makato ya kawaida ya dola 31,500, mko katika ngazi ya asilimia 24, hivyo kodi ya shirikisho ni dola 1,512, na Minnesota nayo itadai yake. Dola 6,300 za mchango wako uliolipiwa kodi hazijapotea. Zinabaki kwenye kumbukumbu na zitapunguza kodi ya miaka ijayo, mradi tu Fomu 8606 ijazwe mwaka huu na itunzwe. Tumeona watu wakilipa kodi mara mbili kwa fedha zile zile kwa sababu tu karatasi hiyo haikujazwa miaka mingi iliyopita.

Hata hivyo mlango haujafungwa ikiwa mwaka bado haujaisha. Salio linalotumika katika hesabu ni la tarehe 31 Desemba, wala si la siku uliyohamisha. Iwapo mpango wa 401(k) wa mwajiri wako wa sasa unapokea fedha kutoka IRA, na mipango mingi hupokea, unaweza kuzihamishia huko zile dola 63,000 kabla ya tarehe hiyo. Fedha zilizomo ndani ya 401(k) hazijumlishwi, na dola zako 7,000 zitakuwa zimehama karibu bila kodi yoyote. Omba ziende moja kwa moja kutoka kampuni hadi mpango, zisipitie mikononi mwako. IRA ya mke wako haihusiki na hesabu yako, kwa sababu kila mwanandoa huhesabiwa peke yake hata mnapojaza ritani kwa pamoja.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 57, raia wa Tanzania mwenye ukaazi wa kudumu hapa kwa zaidi ya miaka 20. Baada ya miaka mitatu mimi na mke wangu tunakusudia kurudi Tanga moja kwa moja na kurejesha kadi zetu za ukaazi. Kipato chetu ni dola 70,000 na IRA yangu ina dola 120,000. Nihamishe Roth sasa, au nisubiri niwe nyumbani?

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Hamisha ukiwa bado mkaazi. Leo mnapata makato ya kawaida ya dola 31,500, na mna nafasi ya dola 58,450 kabla ya kuvuka ngazi ya asilimia 12. Ukihamisha dola 40,000 kwa kila mwaka kati ya miaka mitatu iliyobaki, kodi ni dola 4,800 kwa mwaka, jumla dola 14,400. Ukishakuwa si mkaazi, makato ya kawaida huyapati tena, na kwa kuwa Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania, wala na Kenya, kampuni kwa kawaida huzuia asilimia 30 ya kila unachochukua kwenye IRA ya kawaida. Kwa dola 120,000 hizo ni dola 36,000. Hata pale ambapo sehemu yake inaweza kudaiwa kwa ritani, itakubidi uifuatilie kutoka Tanga.

Kwa umri wako, adhabu ya asilimia 10 itakoma ukifika miaka 59 na nusu. Faida ndiyo itakayosubiri: Roth yako ya kwanza ikifunguliwa mwaka 2025, faida yake itaanza kutoka bila kodi ya Marekani tarehe 1 Januari 2030. Kabla ya hapo, kiasi ulichohamisha ndicho kinachohesabiwa kutoka kwanza, hivyo hutakwama. Elewa pia kwamba msamaha huu wa Roth umetolewa na serikali ya Marekani, na hauifungi TRA.

Mtu aliyeshika kadi ya ukaazi kwa miaka 8 kati ya 15 ya mwisho huingia katika sheria ya kodi ya kuondoka anapoirejesha. Vigezo vya utajiri wa dola milioni 2 havitakugusa, lakini kipo kimoja kinachowanasa watu wa kawaida, nacho ni kushindwa kuthibitisha katika Fomu 8854 kwamba umetimiza wajibu wako wote wa kodi kwa miaka mitano iliyopita. Anayeshindwa huhesabiwa kuwa ameichukua IRA yake yote siku moja kabla ya kuondoka. Zikagueni ritani zenu za nyuma sasa.

SWALI: Baba yetu, mwenye miaka 74, anaishi nasi Columbus. Mwezi Machi 2025 alihamisha IRA yake yote ya dola 204,000 kwenda Roth, bila kwanza kuchukua kiasi cha lazima cha mwaka, yaani kile ambacho sheria humtaka mtu wa umri wake akitoe kwenye IRA kila mwaka. Je, uhamisho huo unaweza kutenguliwa?

JIBU: Hapana. Tangu mwaka 2018 uhamisho kwenda Roth hautenguliki. Lakini kiasi cha lazima cha mwaka hakiruhusiwi kuhamishwa. Kwa umri wake hupatikana kwa kugawa salio la mwisho wa mwaka uliotangulia kwa 25.5, na ikiwa salio hilo lilikuwa hizo dola 204,000, basi dola 8,000 zimeingia Roth kama mchango uliozidi. Mpigieni simu mtunza akaunti aziondoe pamoja na faida yake kabla ya tarehe ya mwisho ya ritani, ambayo kwa aliyewasilisha kwa wakati husogezwa hadi 15 Oktoba 2026. Zisipoondolewa hutozwa asilimia 6 kila mwaka. Dola 196,000 zilizobaki ni kipato cha mwaka 2025, na jiandaeni kwa ada ya Medicare ya mwaka 2027 kupanda, kwa maana ada hiyo hupangwa kwa kipato cha miaka miwili nyuma, na uhamisho wa hiari haumo katika sababu zinazokubalika za kuomba ipunguzwe.