Taarifa za uchunguzi wa ajali ya ndege: zipitishe mlango wake

Mamlaka mbili za usafiri wa anga zikianza kunung'unikiana kwamba wenzao "hawatoi taarifa", mara nyingi si uchoyo. Ombi limegonga mlango usio wake. Milango ni miwili.

Mmoja ni wa wachunguzi, chini ya Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Hapo wanaozungumza ni mchunguzi mkuu na wawakilishi walioidhinishwa wa nchi zinazohusika: iliyosajili ndege, ya mwendeshaji, iliyoisanifu na iliyoitengeneza. Mlango wa pili ni wa wasimamizi: mamlaka ya nchi iliyosanifu ndege na zile zilizosajili ndege za aina hiyo, zinazopashana habari za kasoro na maagizo ya lazima ya ukarabati. Mkaguzi anayempigia simu mshauri aliyeko ndani ya timu ya uchunguzi ili apewe "dokezo tu" anamtia matatani mwenzake, kwa kuwa mwakilishi na washauri wake hawaruhusiwi kusema lolote kuhusu uchunguzi ulipofikia bila idhini ya wazi ya nchi inayouendesha. Mwandikie mchunguzi mkuu, na utaje uamuzi unaosubiri jibu lake. "Je, bomba la mafuta lilipasuka kabla ya ndege kugonga ardhi? Tuna ndege za aina hii zinazoruka leo" ni swali linalojibika. "Tupeni kila mlicho nacho" huishia mezani.

Taarifa ya kwanza ya ajali ndiyo huchelewa kuliko inavyostahili, kwa sababu mtu anangoja fomu ijae. Usingoje. Kanuni inataka njia ya haraka kuliko zote, na yanayokosekana yafuate baadaye. Ndege ikiwa na uzito wa juu unaozidi kilo 2,250, ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, nayo ijulishwe. Anza na neno ACCID kwa ajali, kisha aina ya ndege, alama za usajili, namba ya mfululizo ya kiwandani, mwendeshaji, tarehe na saa, mahali, waliokuwemo na walioumia, na kama kulikuwa na shehena hatarishi. Namba ya mfululizo watu huiruka, nayo ndiyo mtengenezaji anayoitumia kuitambua ndege. Alama za usajili hubadilika ndege ikiuzwa nchi nyingine. Saa nayo iandikwe waziwazi kama ni ya mahali au ni UTC, saa ya pamoja ya dunia. Na namba ya simu iwe ya mtu anayepokea usiku.

Kwenye data za kinasa safari, kifaa kinachorekodi mwenendo wa ndege, ndiko wataalamu hupoteza wiki nzima. Faili ghafi peke yake ni mlolongo wa sifuri na moja. Lazima iambatane na waraka wa mpangilio wa vigezo vya ndege hiyohiyo, unaoonyesha kila kigezo kimekaa wapi na kinageuzwaje kuwa futi, noti (kipimo cha mwendo) au nyuzi. Waraka wa ndege pacha hautoshi, maana kinasa huenda kiliwahi kubadilishiwa programu. Kosa jingine ni kutuma jedwali lililokwisha kuchakatwa badala ya faili yenyewe. Chukua mchapuko wa wima, yaani kasi ya kwenda juu au chini inavyobadilika, ambao kwa kawaida hurekodiwa mara 8 kwa sekunde. Ukilitoa jedwali kwa mstari mmoja kila sekunde, vipimo 7 kati ya 8 vimepotea, na huenda kile cha tairi kugonga njia ya kurukia kimo humo. Anayepokea ataona kutua kwa kawaida na kuapa kwamba gia ya kutulia (miguu yenye magurudumu) ilikuwa na ufa tangu awali. Tuma faili ghafi, waraka wake, na alama ya uhakiki ya SHA-256 (msimbo unaothibitisha kwamba faili haijabadilika) kwa njia tofauti na ile iliyobeba faili.

Sauti za chumba cha marubani ni habari nyingine kabisa. Pamoja na maelezo ya mashahidi na taarifa za afya, hizi zinalindwa. Kabla ya kutoa nakala, muulize mpokeaji kwa maandishi kama sheria za kwao za haki ya kupata habari zinaweza kumlazimisha kuitoa. Akisitasita, mkaribishe asikilize kwenye maabara yako, bila kuondoka na nakala. Inawezekana hata kusaidia kiufundi bila kusikia chochote: baada ya ajali ya Ethiopian Airlines ya tarehe 10 Machi 2019, BEA, ofisi ya uchunguzi wa ajali za ndege ya Ufaransa, ilipakua sauti za kinasa, ikaikabidhi timu ya Ethiopia, na kutangaza kwamba yenyewe haikuzisikiliza.

Ripoti ya awali ina siku 30. Rasimu ya ripoti ya mwisho ikitumwa, nchi zina siku 60 za kutoa maoni, na siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, si siku bahasha ilipofunguliwa na katibu. Ukipokea rasimu, igawe siku hiyohiyo: wa injini apewe injini, wa mafunzo apewe mafunzo. Maoni yaandikwe kwa namba ya aya, maneno yaliyopo, maneno yanayopendekezwa na ushahidi. Maoni ya jumla ("uchambuzi hauna mizani") hayana pa kuingia.

Sema mapema pia kwamba yasipoingizwa kwenye ripoti, unataka yaambatishwe. Mchunguzi ana hiari ya kurekebisha rasimu, ila nchi ikitaka maoni yake yaambatishwe, hana budi. Katika uchunguzi huohuo wa Ethiopia, ripoti ya mwisho ilipotoka Desemba 2022, NTSB, bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali za usafiri, ililalamika kwamba maoni yake hayakuambatishwa ipasavyo, ikayachapisha yenyewe. Kwa hiyo weka ombi hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa barua, taja toleo na tarehe ya maoni unayotaka yatumike, na udai uthibitisho kwamba yamepokelewa.