Kwa wadogo zangu mnaosoma nje na kutaka kazi nyumbani

Kila mwaka, wadogo zangu waliomaliza masomo China, India, Uturuki, Algeria na Urusi hunitafuta wakiwa na swali lilelile: kwa nini aliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameitwa kwenye usaili na wao hawajaitwa? Mimi pia nilisoma nje nikarudi, na sasa ni miongoni mwa wanaopitia maombi ya kazi za uhandisi ofisini kwetu. Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na pia kwa sababu inaniuma kuona watu wenye akili wakikwama pale pale walipokwama waliowatangulia. Shahada ya nje haina nguvu katika ajira ya Tanzania mpaka itambuliwe hapa, na kazi ya kuitambulisha huanza kabla hujapanda ndege.

Kwanza, nyaraka. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo inayotambua shahada za vyuo vya nje, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema waziwazi kwamba vyeti hivyo lazima vihakikiwe na kwamba hati za matokeo za muda hazipokelewi. Yupo kijana wa ukoo wetu aliyesoma uhandisi ujenzi China kwa ufadhili, mwaka mmoja wa lugha na minne ya shahada. Kule mhitimu hupewa vyeti viwili: kimoja cha kuthibitisha kwamba amemaliza masomo, kingine cha kumtunuku shahada yenyewe. Viza yake ilikuwa ukingoni, akachukua kile cha kwanza, chenye jalada gumu na picha yake, akaamini amekamilisha kila kitu. Alipofika Dar es Salaam akaambiwa kwamba kinachotakiwa ni cheti cha shahada, ambacho kilikuwa kimebaki katika ofisi ya chuo, na kwamba rafiki aliyekuwa tayari kumchukulia hawezi kupewa bila barua ya idhini. Kabla hilo halijaisha likazuka la jina. Cheti chake cha Kidato cha Nne kina majina mawili, na jina la baba linaishia na herufi i. Pasipoti ina majina matatu na ile i haipo. Chuo nacho kilifuata pasipoti, lakini kikatanguliza jina la ukoo. Nilimkuta jioni moja amevitandaza vyeti vyote juu ya meza ya mama yake, akivilinganisha herufi kwa herufi, na mama akamwuliza, “Kwani mwanangu, wewe ni yupi katika hizi karatasi?” Ilibidi aende kwa wakili, kisha asajili hati ya kubadili jina. Tangazo la kazi aliyoitamani lilitoka wakati huo, na dirisha la maombi likafungwa yeye bado anasubiri bahasha kutoka China. Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) nayo ilitaka shahada ileile, kwa hiyo hata mafunzo ya miaka mitatu ya kumfikisha kwenye ngazi ya mhandisi mtaalamu yalichelewa kuanza. Kijana huyu ni hodari kuliko wengi ninaowasaili, na hakuna hata siku moja kati ya hizo iliyopotea kwa kukosa uwezo. Sahihisheni majina kabla ya kuomba pasipoti, ulizeni TCU kuhusu chuo kabla ya kukubali nafasi, na msiondoke chuoni bila vyeti vyote, transkripti na maelezo ya kozi zenu, pamoja na tafsiri rasmi ya Kiingereza.

Pili, shahada ya uzamili ya nje haifuti GPA (wastani wa alama) ya shahada ya kwanza. Anayetaka kufundisha chuo kikuu ajue kwamba 3.8 ya shahada ya kwanza itaulizwa hata akirudi na uzamili wa London.

Tatu, kila taaluma ina mlango wake: wahasibu wana Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika na utarajali, na anayetaka uwakili atapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Nne, fanyeni field, yaani mafunzo kwa vitendo, nyumbani wakati wa likizo. Tuliwahi kumsaili mhitimu aliyeeleza vizuri sana programu za kisasa za kuchora madaraja. Tukamwuliza angejuaje kama kifusi cha machimbo fulani kinafaa kwa tabaka la barabara ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), naye akajibu kwa viwango vya nchi aliyosoma, bila kuutaja mwongozo wetu wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999. Tulipomtaka aeleze kwa Kiswahili, kama atakavyomweleza fundi, namna ya kusimamia ushindiliaji, alinyamaza. Aliyesoma hapa, mwenye alama za kawaida, alijibu yote mawili kwa sababu alikuwa ameshinda kwenye vumbi hilo likizo nzima. Tulimchukua yeye, na sikuona namna nyingine ya kutenda haki.

Jambo la mwisho ni lugha, na hapa ndipo mnapotuzidi sisi wengine, lakini wengi wenu hamlitumii. Reli ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora ilijengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki, na ya Mwanza hadi Isaka ikaangukia mikononi mwa kampuni za China. Katika miradi ya namna hiyo, mhandisi Mtanzania anayeweza kusoma barua ya mkandarasi kwa lugha yake, kisha akaieleza kwenye kikao cha mshauri na mteja, anatafutwa. Hata hivyo, napokea wasifu wa mtu aliyeishi China miaka mitano, na mstari wa lugha unasema Kiswahili na Kiingereza tu. Mliosoma China, andikeni kiwango chenu cha HSK, yaani mtihani wa lugha ya Kichina, ambatisheni cheti chake, na tumeni maombi kwa makandarasi hao mkiwa bado mwaka wa mwisho.