Ledikoa inanasa chini na krapi hawashiki, tunakosea wapi?

Swali: Habari kaka, mi na mume wangu tunakaa Memphis, wikendi tunashuka Sardis Lake kule Mississippi kuvua samaki aina ya krapi. Mwaka huu tumenunua mshipi wenye madini ya risasi ndani, hii ledikoa, tukaambiwa ndo dawa yao wakati wa joto. Kwenye sona (kile kifaa cha kuonyesha samaki na kina) tunawaona wamekaa futi 14 mpaka 16, na kina cha maji ni kama futi 24. Tunatoa rangi sita za mshipi, mwendo maili 1.5 kwa saa, ila krankibeti (chambo bandia zinazopiga mbizi zikivutwa) zinanasa chini kila mara, na samaki wachache tunaopata wanashika boti ikikata kona, tena kwenye fimbo za upande wa nje tu. Nusu yao wanachomoka kabla hawajafika botini. Shida nini?

Jibu: Nzuri dada, na ahsante kwa kuniandikia kila kitu mpaka upande wa fimbo, maana hapo kwenye kona ndo jibu lilipo. Boti ikikata kona, mishipi ya upande wa nje inazunguka njia ndefu zaidi kwa hiyo inaenda mbio, na ledikoa ikienda mbio inapanda juu. Ya ndani inapunguza mwendo, inazama. Sasa kama wanaoshika ni wa nje tu, samaki wanakwambia chambo chako siku nzima kinapita chini yao na kikipanda kidogo tu wanakiona.

Piga hesabu tuone. Ledikoa hubadilika rangi kila yadi 10, yaani futi 30, na kwa mwendo wa uvuvi wetu wa krapi mi huanza kwa kukadiria kila rangi moja inashusha kama futi 5. Rangi sita ni kina cha futi 30 kwa hesabu hiyo, na bado hujaweka kile krankibeti yenyewe inachopiga mbizi kwa ule mdomo wake wa plastiki, kwenye maji ya futi 24! Lazima unase visiki. Toa rangi mbili tu. Hapo una kama futi 10, krankibeti ikiongeza futi kadhaa unafika 12 au 13, juu kidogo ya samaki, na ndo tunapotaka, kwa sababu krapi macho yake yanatazama juu, anapanda kufuata shadi (hawa samaki wadogo wanaotembea makundi makundi kama dagaa) lakini ni nadra sana kushuka kufuata kitu. Ukikosea, kosea kwa kuwa juu.

Ila hiyo futi 5 usiichukue kama amri, mishipi inatofautiana unene na uzito, na lida (kipande cha mshipi wa kawaida kati ya ledikoa na chambo) ikiwa ndefu au fupi inabadilisha mambo. Ipime mwenyewe: tafuta sehemu tambarare isiyo na visiki ambayo sona inakuonyesha kina hakibadiliki, tuseme futi 15, pita hapo kwa mwendo ule ule utakaovulia, ongeza mshipi kidogo kidogo mpaka uone ncha ya fimbo inagonga gonga kwa krankibeti kugusa udongo, halafu andika: rangi ngapi, mwendo gani, krankibeti ipi. Nusu saa ya kazi hiyo itakusaidia msimu mzima, na mi kila nikibadilisha mshipi narudia upya.

Mwendo sasa. Soma kwenye GPS, usitegemee namba ya mota, maana ukienda na upepo na ukirudi dhidi yake mota ile ile inakupa mwendo tofauti kabisa, na kwa ledikoa tofauti ndogo tu ya mwendo inabadilisha kina. Hiyo 1.5 ni sawa lakini kwa maji ya moto ya Julai jaribu kupanda taratibu mpaka 1.8 au hata 2, kwa sababu fimbo za nje zinaposhika kwenye kona huenda samaki wanapenda na mbio pia, siyo kina peke yake. Rekebisha kina kwanza, mwendo baadae, usibadilishe vyote pamoja utashindwa kujua kipi kimekusaidia.

Kuchomoka: mnasimamisha boti samaki akishika, sivyo? Wengi wanafanya hivyo kwa kumuonea huruma samaki, lakini ledikoa ikisimama inazama na kuvuta hizo krankibeti nyingine zote chini, ndo kunasa kwingine huko. Endelea na mwendo, zungusha rili polepole bila kusimama, na usimkwanyue kabisa, mdomo wa krapi ni laini kama karatasi na ledikoa haivutiki, kila nguvu yako inafika moja kwa moja kwenye ndoana. Tumia fimbo laini, weka lida ya nailoni ya kawaida futi 15 hadi 20 mbele ya ledikoa maana yenyewe inavutika kidogo, na umpokee kwa wavu, usimnyanyue kwa mshipi. Inauma kumpoteza samaki maji hayo, rekodi ya dunia ya krapi mweupe, pauni 5 na aunsi 3, ilitoka ziwa la Enid hapo jirani mwaka 1957.

Na ukiwa sehemu yenye visiki vingi ledikoa iache kabisa, funga chubwi la aunsi 2 kwenye mshipi wa kawaida, krankibeti ifuate futi 4 au 5 nyuma yake. Mshipi unakuwa mfupi, kona unakata unavyotaka, na ukiona kisiki kwenye sona unawahi kuinua. Ledikoa iwekee maji ya wazi, mfano juu ya mkondo wa zamani wa mto Little Tallahatchie, ambako krapi wanaelea katikati na huna cha kunasa.

Kitu kingine, kwa sababu mnatoka Memphis: leseni ya Tennessee haifanyi kazi Sardis, lazima mkate ya Mississippi ya wasio wakazi, na kila msimu angalieni upya kanuni za krapi za ziwa hilo, urefu wa samaki wa kubeba na idadi ya fimbo kwa mtu mmoja, kabla hamjashusha boti.