Pima Kwanza, Gasketi Ununue Baadaye

Maswali ya wasomaji kuhusu injini za magari ya zamani ya michezo

SWALI: Ndugu mafundi, habari za kazi. Ninafufua injini ya MGB ya 1798 cc, ambayo hedi (kifuniko cha juu ya silinda) na bloku (mwili wenye silinda) zote ni za chuma cha kusubu. Silinda zimepanuliwa kwa inchi 0.060 na hedi imechongwa ili inyooke. Nimeonyeshwa gasketi tatu za kuziba kati ya hedi na bloku: ya shaba tupu, ya kompoziti, na ile ya tabaka za chuma. Muuzaji anasema ya tabaka za chuma inazishinda zote. Nichukue ipi?

JIBU: Salama, ndugu. Chukua kompoziti, ila usilipe kabla hujapima.

Gasketi ya tabaka za chuma ni nzuri kweli, lakini inadai uso ambao huenda injini yako haina. Tabaka zake, kwa kawaida tatu, ni za chuma cha pua chenye asili ya springi, zimepigwa matuta membamba kuzunguka kila silinda na kupakwa mpira mwembamba sana. Matuta hayo ndiyo yanayoziba, na hayana uwezo wa kujaza mikwaruzo. Ukwaruzo wa uso, ule ambao fundi mashine huuandika Ra, usizidi mikroni 0.8 hivi, kwenye hedi na kwenye bloku pia. Wewe umetaja hedi tu. Kama bloku imepitishwa msasa kwa mkono, maji yatapata njia. Kompoziti ni bamba la chuma lililovikwa grafiti au nyuzi pande zote mbili, na kila silinda ina ringi yake ya moto ya chuma. Hiyo inavumilia Ra ya mikroni 1.5 hadi 3, kiwango ambacho mashine nyingi za kuchonga hutoa bila taabu. Shaba tupu waachie wa mashindano: inataka mfereji uchongwe kuzunguka kila silinda na kulazwa waya wa chuma cha pua, na hata hivyo njia za maji huvuja isipopakwa dawa ya kuziba.

Sasa upimaji. Simamisha rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ujaribu kupitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Kwa kompoziti tunakubali 0.05 mm kwa upana na 0.10 mm kwa urefu. Kisha toa stadi zote (boliti zisizo na kichwa zinazoshika hedi) na upapase ukingo wa kila tundu kwa kidole. Nyuzi za skrubu ndani ya tundu zikivutwa miaka mingi huinua chuma pale mdomoni, kikawa kama kichuguu kidogo. Hedi ikikalia vichuguu hivyo, nati zitaonyesha zimekaza ilhali ringi za moto hazijabanwa sawasawa. Chonga mdomo wa tundu kwa mshazari kidogo, kisha pitisha rula tena. Kosa hili ndilo tunaloliona likisahauliwa kuliko yote.

Silinda ya MGB ilitoka kiwandani ikiwa na kipenyo cha 80.26 mm; yako sasa ni takribani 81.8 mm. Tundu la gasketi liizidi silinda kwa milimita 1 au zaidi, kwa hiyo usikubali chini ya 83 mm. Ilaze gasketi kavu juu ya bloku, uchungulie kila silinda kutoka juu. Ringi ikijitokeza ndani hata kidogo, itapata moto mpaka iwe nyekundu na kuwasha petroli kabla ya plagi. Injini itagonga, na pistoni haitachukua muda kutoboka.

Unene nao una hesabu yake, na mwulize muuzaji unene wa gasketi ikishabanwa, si ilivyo kwenye pakiti. MGB ya kawaida ina mgandamizo wa 8.8 kwa 1, yaani nafasi ya silinda pistoni ikiwa chini ni mara 8.8 ya ile inayobaki ikiwa juu. Silinda moja ni karibu 449.5 cc, kwa hiyo nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni kama 57.6 cc. Gasketi yenye tundu la 83 mm na unene wa 1.2 mm inachukua takribani 6.5 cc, ya 0.8 mm inachukua 4.3 cc. Hiyo tofauti ya 2.2 cc tu inapandisha mgandamizo hadi 9.1. Kupanua silinda peke yake, nafasi ya juu ikibaki ileile, nako kunakufikisha 9.1 hivi, na bado hujahesabu kilichochongwa kwenye hedi. Yote yakijumlishwa na gasketi nyembamba, petroli ya kawaida itagonga. Kwa injini yako tungependelea gasketi nene. Upate uhakika kwa kupima chemba: funika hedi kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, kipake grisi pembeni kisivuje, kisha jaza oili nyepesi kwa bomba la sindano lenye alama za cc.

Wakati wa kufunga, safisha matundu ya stadi kwa tapu (chombo cha kukatia nyuzi za skrubu) hadi chini na uyapulize yakauke. Oili iliyonaswa chini ya stadi haina pa kwenda, inaweza kupasua bloku. Stadi ziingie kwa nguvu ya vidole tu. Paka nyuzi za stadi oili kidogo, weka washa (vipete bapa) ngumu chini ya nati, kaza kutoka katikati kwenda nje kwa hatua tatu: 27 Nm, 47 Nm, na mwisho ndani ya 61 hadi 68 Nm. Endesha injini ipate moto, iache ipoe kabisa, kaza tena, kisha weka nafasi ya valvu 0.38 mm ikiwa baridi. Rudia baada ya kilomita 800 hivi. Na kumbuka kwamba nati nne kati ya zile zinazoshika roka (mikono inayosukuma valvu) ndizo pia zinashika hedi. Ukitaka kutoa roka siku za usoni, mwaga maji kwanza na ulegeze nati zote za hedi kidogo kidogo, la sivyo hedi itapinda na gasketi itaachia.

SWALI: Triumph TR4 yangu imeshaunguza gasketi mbili, na sasa oili imegeuka nyeupe kama maziwa. Hedi imechongwa mara zote mbili. Je, gasketi ni mbovu?

JIBU: Pole sana. Acha hedi, angalia laina, yaani mirija ya silinda inayochomoleka. Injini hii ina laina zinazozungukwa na maji, na kila laina inatakiwa ichomoze juu ya bloku kwa 0.08 hadi 0.13 mm. Ikiwa chini ya hapo, ringi ya moto haibanwi na gesi inapenya. Ikizidi, hedi inapinda na maji yanatoka pembeni. Laina jirani zisitofautiane zaidi ya 0.03 mm. Urefu huo hurekebishwa kwa gasketi zenye umbo la nane zinazokaa chini ya laina, ambazo huuzwa kwa unene tofauti. Unapopima, bana laina kwa washa pana na nati za stadi. Usizungushe kranki laina zikiwa hazijabanwa: pistoni huziinua, gasketi za chini zinaachia, na maji yanashuka hadi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini). Huenda oili yako imeharibikia hapo. Kwa hiyo kabla ya gasketi ya tatu, toa laina, safisha sehemu zinapokaa hadi chuma king'ae, pima upya.

SWALI: Je, nipake silikoni kwenye gasketi mpya kwa usalama zaidi?

JIBU: Hapana. Kompoziti na ya tabaka za chuma hufungwa kavu, juu ya nyuso zilizofutwa mafuta yote. Silikoni ikibanwa hujitokeza ndani, vipande vinakatika na kuziba njia ya oili inayopanda kwenye roka. Ukiona maandishi ya TOP, upande huo utazame juu. Kisha linganisha kila tundu la maji na la oili kabla ya kuteremsha hedi. Ukikutana na gasketi kuukuu yenye shaba nje na nyuzinyuzi za kijivu ndani, ichukulie kuwa ina asbesto: usiikwangue ikiwa kavu wala usiipige msasa. Iloweshe, itoe taratibu, futa mabaki kwa kitambaa kibichi, na uvifunge vyote kwenye mfuko kabla havijakauka.