Mazda MX-5 ya zamani: lala chini uangalie kwanza

Kaka, umeuliza kama MX-5, kile kigari cha michezo cha viti viwili na paa la kufunguka, ya miaka ya 1990 itakurudishia pesa ukija kuiuza hapo Uingereza. Itategemea kutu kuliko maili ilizotembea. Injini ni ngumu na vipuri havisumbui. Kinachoziua ni vizingiti vya chini ya milango, hasa karibu na magurudumu ya nyuma: matundu ya kutolea maji ya paa la turubai yakiziba, maji hutuama humo na bati huliwa kimyakimya. Rangi mpya ikikuvutia mno, jiulize imefunika nini. Rekodi za MOT, ukaguzi wa lazima wa magari huko Uingereza, utazisoma bure mtandaoni kwa namba ya gari.

Tafuta kizazi cha kwanza, kile cha 1989 hadi 1997, chenye taa zinazoinuka (hapo sina hoja, ni mapenzi tu). Usiibadilishebadilishe, wanunuzi wengi hupenda iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani.

Faida usiihesabu, bima na fundi wataila. Lakini gari la takriban tani moja, paa wazi, gia zinaingia kwa mguso mdogo, jioni ya Juni... Ukipata yenye vizingiti vizima, tuma picha za chini tuzitazame.