Barua kwa mwanangu: kabla hujahama chuo, uliza nani kahesabiwa

Marahaba mwanangu. Vois yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa kwenye gari nje ya weahausi nasubiri shifti ianze. Umeuliza kitu kimoja ila kizito: kile chuo binafsi kimekukubali uhamie kutoka komyuniti koleji, kile chuo cha miaka miwili, uingie mwaka wa tatu wa uhasibu, kwenye College Scorecard, ile tovuti ya serikali ya Marekani ya kulinganisha vyuo, umekuta mshahara wa waliosoma pale ni mzuri, lakini kwenye ukurasa wa chuo wenyewe asilimia ya wanaomaliza haikukufurahisha, sasa unataka kujua baba yako angeangalia ipi.

Mimi naangalia kumaliza kwanza. Mshahara unafuata.

Kuna habari hujawahi kuisikia vizuri kutoka kwangu. Ulikuwa na miaka sita, tunakaa ile apatimenti ya chumba kimoja, mimi nikajiandikisha masomo ya jioni kwenye chuo fulani binafsi cha biashara. Yule dada wa udahili alifungua kitabu chao cha karatasi za kung'aa akaweka kidole kwenye mshahara wa waliomaliza, kucha nyekundu, nakumbuka mpaka leo, na macho yangu yakaganda pale pale kwenye kidole. Sikuuliza wangapi wanamaliza, hata wazo halikunijia. Nimesoma semista nne, mama yako akiwa kazini usiku nakubeba nakuja na wewe, unalala kwenye viti viwili nyuma ya darasa umejifunika koti langu. Alafu kazini wakanihamishia shifti ya jioni, chuo hakina darasa la asubuhi, basi ikawa mwisho. Digrii sikupata na deni nimelipa miaka kumi na moja. Ile bahasha ya kaki juu ya friji uliyokuwa unaambiwa usiiguse, ndo ilikuwa hiyo.

Sasa wiki hii nimekaa nasoma hizi habari kwa ajili yako nikagundua kitu kimeniuma kweli: kuacha kwangu hakukuhesabiwa. Iko sheria ya 1990 inayovilazimisha vyuo kutangaza asilimia ya wanaomaliza, ila wanaohesabiwa ni wale walioanza chuo kwa mara ya kwanza kabisa na wanasoma muda wote, na wanapewa mara moja na nusu ya muda wa kozi, yaani digrii ya miaka 4 wanaangaliwa kwa miaka 6. Mimi nilikuja na mwaka mmoja niliosoma Tanzania na nikawa nasoma jioni tu, kwa hiyo sikuwemo. Nimeondoka pale kama ambaye hakuwahi kuingia. Na wewe ukihamia, kwenye asilimia hiyo hautakuwemo, umalize usimalize. Na anayeondoka pale kwenda kumalizia kwingine, pale anaonekana hakumaliza. Kwa hiyo namba yenyewe inaweza kukisitiri chuo, inaweza pia kukionea. Iko hesabu nyingine ambayo vyuo vinapeleka serikalini, inafuatilia watu miaka 8 na inawaweka mpaka waliohamia na wanaosoma kidogo kidogo. Hiyo ndo inakuhusu. Waandikie uwaombe, mstari wa waliohamia wakiwa wanasoma muda wote, usikubali wakupe nyingine.

Alafu neno binafsi lisikuchanganye. Walioanza digrii 2014, ndani ya miaka 6 vyuo vya umma walimaliza asilimia 63, binafsi visivyo vya faida 68, binafsi vya kutafuta faida 29. Yaani huku wote tunasema "private" na umbali kati yao ni huo. Chako umesema hakitafuti faida, sawa, lakini hakikisha mwenyewe, usichukue maneno ya kwenye simu.

Kwa nini nashikilia sana kumaliza? Takwimu za kazi za serikali za 2023, mtu mwenye digrii ya kwanza mshahara wa katikati ulikuwa dola 1,493 kwa wiki, aliyeishia sekondari 899, na aliyeingia chuo akatoka bila kitu 992. Angalia hiyo 992, mama. Huyo ni mimi. Nimemzidi aliyeishia sekondari dola 93, na yeye hana bahasha juu ya friji.

Kuhusu mshahara ulioupenda kwenye Scorecard, ule wa chuo kizima ni wa watu waliopokea msaada au mkopo wa serikali, wako kazini, miaka 10 tangu waingie, na humo wamo hata walioacha. Wamepangwa mstari akachukuliwa wa katikati. Muuguzi, injinia na aliyesoma sanaa wote wamechanganywa. Shuka chini kwenye kozi, utafute uhasibu, ule wa kozi ni wa waliomaliza tu, ndo ulinganishe na uhasibu wa chuo cha jimbo hapo karibu na wewe. Usilinganishe chuo na chuo, linganisha uhasibu na uhasibu.

Namba za ajira wanazotoa wenyewe vyuo ndo nakuomba uwe nazo makini kabisa. Heald College, iliyokuwa chini ya Corinthian, kampuni ya vyuo vya kutafuta faida, Wizara ya Elimu iliipiga faini ya karibu dola milioni 30 Aprili 2015, maana ilikuwa inalipa mawakala wa vibarua wawaajiri wahitimu wake siku chache, wengine siku mbili tu, humo humo chuoni, alafu inawaandika wamepata kazi. Siku mbili mwanangu! Mwezi huo huo Corinthian ikafunga vyuo vyote ilivyobaki navyo, na mpaka 2022 ndo serikali ikafuta madeni ya watu 560,000. Kuna watu walilipa miaka yote hiyo katikati.

Kingine ni krediti zako, yaani zile pointi za kozi ulizokwisha soma. Ripoti ya 2017 ya GAO, wakaguzi wa serikali, inasema wanaohama walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, na kwako ikitokea hivyo hiyo siyo miaka miwili tena, ni karibu mitatu, na ada yake. Kabla hujalipa hata dola ya kushika nafasi, wakuandikie kozi gani zinaingia kwenye uhasibu wenyewe. Siyo "tumezipokea", hapana, krediti inaweza kupokelewa ikakaa tu pembeni haihesabiki kwenye digrii. Mimi ndo yalinikuta.

Na hela. Mwaka wa tatu unaruhusiwa kukopa serikalini 7,500 kwa jina lako, kinachobaki, au sehemu yake, naweza kukiombea mimi ule mkopo wa mzazi niusaini. Nitausaini ikibidi, mama, hilo usilale unaliwaza. Ila nataka kwanza kuiona ile barua ya krediti na bei baada ya misaada yote kutolewa.

Jumamosi sina shifti. Tuma hizo karatasi Ijumaa usiku, nipigie saa nne asubuhi tuzipitie mstari kwa mstari, mama yako naye atakuwepo, ana swali lake kuhusu bweni.

Baba